Juliana Rotich: aliyeiongoza Ushahidi, mbona jina lake halitajwi nyumbani?

#1 Mwalimu wa Kapsoya

Wadau, hamjambo.

Nafundisha kompyuta sekondari moja hapa Eldoret. Muhula huu niliwapa kidato cha tatu kazi ya kuandika ukurasa mmoja juu ya mtu aliyejenga kitu kwenye teknolojia. Nikaletewa Gates, Musk, Zuckerberg. Wachache wakaandika habari za M-Pesa bila kumtaja mtu yeyote. Nikauliza darasani nani anamfahamu Juliana Rotich. Msichana mmoja akanyoosha mkono kwa furaha: "Mwalimu, yule wa marathoni?"

Sikumlaumu. Huku kwetu ukisema Rotich, watu wanafikiria mbio kwanza.

Lakini liliniuma. Huyu ni mama aliyesomea sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City, akafanya kazi miaka mingi kwenye mawasiliano ya simu na hifadhi za data, akawa mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za watu na kuziweka kwenye ramani, mwaka 2008, baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wake. Akashiriki kuanzisha BRCK, kampuni ya vifaa vya intaneti. Mwaka 2011 Jukwaa la Uchumi Duniani lilimtaja kuwa mjasiriamali jamii wa mwaka, na 2019 akapewa Tuzo ya Afrika ya Ujerumani. Programu iliyozaliwa kwenye matatizo yetu sisi imetumika Haiti, Japani, Kongo na Mexico.

Swali langu ni moja: mbona nyumbani hatajwi? Nataka sababu, si pole.

#2 Kitasa

Nabii hakubaliki kwao. Uzi ufungwe.

#3 Mwalimu wa Kapsoya

@Kitasa hiyo inafaa kwa kila mtu, kwa hiyo haielezi lolote. Wanariadha wetu mbona wanakubalika kwao? Wakishuka uwanja wa ndege wanapokelewa na mursik na ngoma.

#4 Mtaa wa Saba (Dar)

Mwalimu, jibu ni pesa, tusizunguke.

Ushahidi ni programu huria. Mtu yeyote anachukua msimbo bure, anaweka kwenye seva yake, anaendelea na maisha. Shirika lenyewe si la faida. Halikuuzwa kwa Google, halikuingia soko la hisa, hakuna siku magazeti yaliandika "kijana auza kampuni kwa mabilioni". Watu wetu wanamheshimu aliyenunua jengo. Juliana aliianzisha Ushahidi peke yake na hakutajirika nayo. Sasa mtoto wa kidato cha tatu atamjulia wapi?

#5 Nyaraka

@Mtaa wa Saba kwenye pesa unaweza kuwa na hoja, ila "peke yake" hapana.

Walikuwa wanne. Ory Okolloh alikuwa na blogu ya Kenyan Pundit, na tarehe 3 Januari 2008 aliandika akiomba wataalamu watengeneze ramani ya kuonyesha machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya yanatokea wapi. Erik Hersman akaisambaza hoja hiyo. David Kobia, aliyekuwa Alabama, akaandika msimbo wa kwanza. Juliana akawa wa nne. Ndani ya siku chache tovuti ikawa hewani.

Hawa hawakuokotana barabarani. Walikuwa mabloga. Juliana aliandika Afromusing, akiandika sana habari za nishati ya jua na mazingira, na alikuwa mhariri wa mazingira wa Global Voices, mtandao wa mabloga wa dunia. Mabloga wengi wa Afrika walikutana Arusha Juni 2007 kwenye mkutano wa TEDGlobal, na Ory alihutubia pale. Kwa hiyo Januari ilipowaka moto, watu walishajuana na wanaaminiana. Bila kuaminiana huko, ombi la Ory lingebaki andiko kwenye blogu.

Kobia naye ana kisa chake. Alikuwa anaendesha jukwaa la mijadala la Mashada, moja ya makubwa kwa Wakenya wakati ule. Januari hiyohiyo matusi ya kikabila yalizidi hadi akalifunga, akaweka mahali pake tovuti ya I Have No Tribe.

#6 Kitasa

Alifunga jukwaa zima? Wasimamizi wetu wasiuone huu uzi, tafadhali.

#7 Mtaa wa Saba (Dar)

@Nyaraka nimekupata, wanne. Lakini hapo umeniongezea nguvu. Sifa ikigawanywa kwa wanne kila mtu anabaki na robo.

#8 Mama Wanjiku wa Naivasha

Nimesoma kimya, sasa niseme langu.

Mimi ni mmoja wa waliotoa taarifa wakati ule. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ukiwasha redio unapata muziki na maombi, ukitoka nje unaona moshi. Kakangu alikuwa ng'ambo, ananipigia kila jioni. Namsimulia tulichoona mtaani, yeye anajaza ile fomu kwenye tovuti: mahali, siku, kilichotokea. Akimaliza ananiambia, "Nimeweka, dada, kiko kwenye ramani." Kwangu lilikuwa jambo kubwa kwamba kimeandikwa mahali na hakuna atakayesema hakikutokea.

Mwalimu, unauliza kwa nini hatumtaji. Sisi tulioitumia hatutaki kuvikumbuka vitu vile. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Nikisikia jina la ile tovuti narudi kwenye lile dirisha langu. Mtu aliyekuletea simu ya kutuma pesa unamkumbuka kwa raha. Aliyekusaidia kuhesabu maiti, hata ukimshukuru, humtaji kwenye harusi.

#9 Mwalimu wa Kapsoya

Pole, mama, na asante kwa kuandika. Hili sikuwa nimelifikiria.

#10 Goma Yetu

Jambo wote. Niko Goma.

Nyinyi mnasema Kenya, mimi nawaambia huku pia ilifika mapema sana. Novemba 2008 waliiweka kwa ajili ya vita vya mashariki mwa Kongo, wakati wa Nkunda, yule kiongozi wa waasi. Ilikuwa miongoni mwa majaribio yao ya kwanza nje ya Kenya. Lakini nani aliiona? Intaneti ilikuwa ya mashirika na hoteli. Sisi wa mitaani tulikuwa na simu za tochi na salio la kuhesabu. Kwa hiyo walioifahamu ni watu wa misaada, na wao ndio waliobeba jina lake kwenda Geneva na New York.

Ndiyo maana naona Juliana anajulikana kule kuliko huku. Aliyekuwa anasoma ile ramani alikuwa kule. Sisi tulikuwa nukta juu yake.

#11 Msimbo Wazi

@Goma Yetu umesema kweli kwa nusu. Haiti inaonyesha nusu nyingine.

Tetemeko lilipiga Port-au-Prince tarehe 12 Januari 2010. Ramani ya Ushahidi ilifunguliwa usiku uleule, wanafunzi wa chuo cha Fletcher School, karibu na Boston, wakiongozwa na Patrick Meier ndio walioihudumia. Baadaye ikafunguliwa namba fupi ya bure, 4636. Mtu aliyefukiwa au asiye na maji anatuma ujumbe kwa Kikrioli. Wahaiti walioko Marekani, Kanada na kwingine wanautafsiri kupitia mtandao na kutambua mtaa unaotajwa, kisha unapelekwa kwenye ramani ambayo waokoaji wanaisoma. Walioandika walikuwa wenye shida wenyewe, na simu zao zilikuwa za kawaida tu.

Na Japani, Machi 2011, Wajapani wenyewe waliichukua programu wakaweka sinsai.info muda mfupi tu baada ya tetemeko. Hawakuhitaji kibali cha Nairobi. Kwangu huo ndio ukubwa wa kazi ya Juliana na wenzake: walijenga kitu ambacho mgeni anakiokota kiganjani na kukitumia siku ya msiba wake bila kuuliza.

Ubaya wake ni kwamba aliyekiokota haulizi pia nani alikitengeneza.

#12 Kitasa

Aya ya mwisho hapo ndiyo jibu la uzi. Nimeondoa hoja yangu ya nabii.

#13 Dawati la Ramani

Nami nilikuwa ndani, si Haiti bali Uchaguzi 2013, Kenya. Uchaguzi ulikuwa mradi wa Ushahidi na wenzao wa kufuatilia upigaji kura. Ulitumika kwenye kura ya maoni ya katiba Agosti 2010, ukatumika na Tanzania mwaka huohuo, kisha uchaguzi mkuu wa Machi 2013. Nilijitolea, tukakaa iHub, kituo cha wanateknolojia cha Nairobi, Barabara ya Ngong.

Watu wanadhani ramani inajijaza. Niwaeleze inavyokuwa. Ujumbe unaingia: "Shule ya Umoja watu wako laini tangu saa kumi mashine imezima." Wa kwanza anausoma na kuamua kama ni wa uchaguzi au mtu anauliza salio. Anampa wa mahali. Sasa huyo ana kazi. Shule za msingi zinazoitwa Umoja ziko ngapi Kenya? Inabidi utafute ujumbe mwingine wa namba ileile, au umwandikie: uko kaunti gani, wadi gani? Akinyamaza, ule ujumbe hauwekwi kwenye ramani hata ungekuwa wa kweli. Akijibu, unaenda kwa wa kuhakiki, ambaye anatafuta mtu wa pili asiyemjua wa kwanza aliyeona jambo hilohilo. Ndipo nukta inawekwa. Siku ile mitambo ya kuwatambua wapiga kura ilizima vituo vingi, kwa hiyo meseji za aina hiyo zilitujia kama mvua.

Juliana ndiye alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi wakati huo. Mwaka 2013 huohuo shirika lilipata tuzo ya taasisi bunifu ya wakfu wa MacArthur wa Marekani. Sasa niseme ninachoamini: kuanzisha ni siku chache za Januari. Kuendesha ni miaka. Ory aliongoza mwanzoni, akaenda Google mwishoni mwa 2010. Mtu akabaki kulipa mishahara, kutafuta wafadhili, kuhakikisha toleo jipya la programu linatoka, kujibu waandishi wa nchi ambazo hajawahi kufika. Mtu huyo ni Juliana, hadi 2015. Hadithi tunazopenda kusimulia ni za usiku wa kwanza. Miaka ya mishahara haina msimuliaji.

#14 Tabasamu

Dawati, hilo la meseji ya kuuliza salio limenimaliza 😂

#15 Ngong Road Classic

Jamani mmeitaja iHub, basi tumpe heshima yake kamili. Pale Bishop Magua, ghorofa ya nne, ndipo nilipojifunzia kuandika programu. Intaneti ya bure ya kasi, kahawa, na watu wa kuuliza. Juliana alituanzishia iHub vijana tukatoka mtaani.

#16 Nyaraka

@Ngong Road Classic aliyeisukuma iHub ni Erik Hersman. Ilifunguliwa Machi 2010 kutoka ndani ya familia ya Ushahidi, kwa fedha za Omidyar Network na Hivos, kwa hiyo Juliana alikuwa sehemu ya hadithi, ila mwanzilishi anayetajwa ni Hersman. Mwaka 2019 ilinunuliwa na CcHub, kituo cha ubunifu cha Nigeria.

Na muda wenyewe ulisaidia. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika 2009. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea satelaiti, na kupakua faili moja kubwa ni kazi ya kulala nayo.

#17 Ngong Road Classic

Sawa mkuu, Hersman. Kahawa ilikuwa tamu vilevile.

#18 Injinia Zuhura (Mombasa)

Nimengoja mwanamume mmoja aseme neno hili humu ndani, naona linakwepwa. Ni mwanamke. Basi.

Mimi ni injinia wa mitandao. Kuna mteja, nisimtaje, nilikwenda kwake kufunga vifaa pamoja na kijana wa mafunzo ambaye hata cheti hajapata. Mwenye ofisi akapeana mkono na kijana, akamweleza tatizo lote, akamaliza, akanigeukia: "Dada, utakunywa chai au maji?" Kijana wa watu aliona haya hadi akakosa pa kuweka mikono. Nilifunga vifaa, nikajaribisha, nikamwandikia ripoti kwa jina langu. Wiki iliyofuata akapiga simu akimtaka "yule fundi".

Sasa chukua hilo ulizidishe kwa nchi nzima. Kwenye kundi la waanzilishi mna wanaume wawili na wanawake wawili. Mtu akitaja "mtaalamu" macho yanakwenda wapi? Mwanamke akiongoza shirika watu wanamwona msimamizi, wanasahau kwamba shahada yake ni ya kompyuta na maisha yake ya kazi yalianzia kwenye mitambo.

Lakini angalia alichoacha. AkiraChix ilizaliwa 2010 katika mazingira hayohayo ya iHub, mabinti wanafundishana kuandika programu. Angela Oduor, mmoja wa waliokuwepo AkiraChix tangu mwanzo, alifanya kazi Ushahidi kama msanidi programu, na 2019 akawa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi. Wanawake watatu wameliongoza shirika hilo: Ory, Juliana, Angela. Nitajieni kampuni nyingine ya programu Afrika Mashariki yenye orodha hiyo.

#19 Mtaa wa Saba (Dar)

@Injinia Zuhura shikamoo. Kisa chako nimekielewa na nakubali vinatokea. Ila hoja yako ina tobo: Ory Okolloh ni mwanamke pia, na anajulikana sana. Time walimweka kwenye watu 100 wenye ushawishi mwaka 2014. Kama ni uanamke, mbona yeye haukumzuia?

#20 Injinia Zuhura (Mombasa)

Marahaba. Ory anajulikana kwa sababu anasema siasa. Alianzisha Mzalendo mwaka 2006 kuwafuatilia wabunge, ni mwanasheria, akiandika jambo wanasiasa wanajibu. Mwanamke anayesema tumezoea kumsikia, hata kwa kumkasirikia. Anayejenga kimya tunadhani yupo kusaidia. Tobo lako limezibwa.

#21 Mtaa wa Saba (Dar)

Limezibwa nusu.

#22 Kiraka

Tuzungumze BRCK maana ndiyo biashara yenyewe, na hapo ndipo angeweza kutajirika. Walichangisha kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, wakapata kama dola 250,000 na bado kila nyumba haina BRCK. Kwa nini?

#23 Nyaraka

Lengo lilikuwa dola 125,000, wakapata dola 172,107, katikati ya 2013. Hizo 250,000 sijui zimetoka wapi.

#24 Msimbo Wazi

Hiki kifaa nakipenda, nivumilieni.

Wazo lilikuwa rahisi na la kweli. Modemu tunazonunua zimebuniwa kwa nyumba ambayo umeme haukatiki na waya wa intaneti uko ukutani. Juni 2013 Juliana alisimama jukwaani TEDGlobal, Edinburgh, akaeleza jambo hilohilo na kukionyesha kifaa: kisanduku cheusi cha ukubwa wa tofali, chenye betri ya saa nane. Umeme ukienda, intaneti haiendi nao. Waya ukifa kinarukia laini ya simu chenyewe bila wewe kugusa kitu. Kinahudumia hadi vifaa 20 kwa wakati mmoja. Kilibuniwa Nairobi, kikaundwa Austin, Texas, na wateja wakaanza kukipokea 2014.

Sasa kwa nini hakikuingia kila nyumba? Nadhani tatizo lilikimbia mbele yao. Mwaka waliobuni, mtu wa kawaida alikuwa na simu ya vibonye na mkahawa wa intaneti mtaani. Miaka mitatu mbele alikuwa na simu janja ya bei nafuu, bando la siku, na anaweza kumgawia jirani intaneti kutoka mfukoni. Simu ina betri. Simu inahama mtandao yenyewe. Kazi ya kisanduku ikawa imehamia mkononi.

#25 Mwalimu Mstaafu

Si kweli kwamba kilikosa kazi. Mimi nimestaafu, ila shule ya jirani yangu ilipata ile Kio Kit waliyoitoa BRCK mwaka 2015. Ni sanduku gumu lenye tabuleti 40 na mtambo mdogo wenye masomo ndani, hata bila intaneti unasoma. Kilichonishangaza ni namna ya kuchaji: tabuleti hazina waya, unazipachika tu kwenye nafasi zake sandukuni zinajichaji. Watoto wa darasa la pili walikuwa wanazirudisha wenyewe, moja moja, kama wanapanga sahani kabatini, na mwalimu anahesabu kwa kuangalia nafasi iliyo wazi. Aliyebuni vile alimfikiria mwalimu mwenye watoto 40 na soketi moja.

#26 Kiraka

Mzee wangu, nakubali ubunifu. Nauliza soko. Shule nyingi zinanunua kwa hela ya mfadhili. Mfadhili akimaliza mradi, biashara inabaki na nani?

#27 Abiria wa Githurai

Mmesahau Moja. BRCK waliweka Wi-Fi ya bure kwenye matatu, iliitwa Moja. Uliingia, ukaangalia tangazo au ukajibu maswali mafupi, ukapata intaneti. Jam ya Thika Road nilikuwa naimaliza nikisoma habari. Hiyo ndiyo ilikuwa yetu sisi wa chini, si ya mashirika.

Lakini hata mimi niliyeitumia kila jioni nilidhani ni ya mwenye gari 😅 Jina la mtu sikuliona popote.

#28 Kitasa

@Abiria wa Githurai bora wewe. Mimi nilidhani ni ya makanga, nikamwongezea nauli.

#29 Mwanadiaspora wa Köln

Salamu kutoka Ujerumani.

Mwalimu umeitaja ile tuzo. Ya 2019 niliifuatilia, kwa sababu kazini walikuja kuniuliza habari za huyu Mkenya na nikajikuta najibu kwa kubabaika. Nina maelezo yangu, na hayatapendwa. Watu wa huku wana kiu ya habari njema ya Afrika inayofaa kwenye jukwaa la mkutano. Ramani ya kuokoa watu, kisanduku cha intaneti, mwanamke mwenye ufasaha: wanaipokea kwa mikono miwili. Siwalaumu, alistahili. Lakini sifa ya mkutanoni haishuki hadi Kapsoya. Hakuna aliyeitafsiri, hakuna aliyeisoma redioni asubuhi. Ukitaka mtu ajulikane nyumbani, asimuliwe kwa lugha ya nyumbani. Nimetafuta maandishi marefu ya Kiswahili juu ya Juliana Rotich, yaliyopo ni haba mno.

#30 Injinia Zuhura (Mombasa)

@Mwanadiaspora hilo nalikubali bila kipimo. Sisi wenyewe tunaandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuyasoma haya.

#31 Goma Yetu

Na kwa Kongo ni zaidi. Ingesimuliwa kwa Kiswahili, mtoto wa Bukavu angeielewa. Kwa Kiingereza haifiki.

#32 Mtaa wa Saba (Dar)

Bado nasimama na pesa. Angalieni baadaye alikwenda wapi: Safaricom, upande wa huduma za fedha, mambo ya kuunganisha mifumo ya biashara na M-Pesa. Yaani mtu mwenye sifa za dunia nzima ameona mahali penye uzito ni palepale penye pesa. Na huko ndani ni kampuni kubwa, wanaojulikana ni wakurugenzi wakuu. Kazi ya kuunganisha mifumo hutaiona. Ukilipa duka mtandaoni na kidirisha cha M-Pesa kikatokea kwenye simu kikisubiri namba ya siri, kuna watu walioshughulika ili mfumo wa duka uzungumze na mfumo wa Safaricom. Nani anawajua?

#33 Dawati la Ramani

@Mtaa wa Saba mimi naliona kinyume. Tazama mstari mzima: data za simu Marekani, Ushahidi, BRCK, M-Pesa. Kote anajenga kitu kinachokaa chini ya vitu vya wengine. Hajabadilika, ni mtu yuleyule. Kama angetaka jina angebaki jukwaani.

#34 Mama Wanjiku wa Naivasha

Huenda hataki jina, jamani. Mmemuuliza?

#35 Mwalimu wa Kapsoya

Mama, swali zuri, ila mimi sidai jina kwa ajili yake. Nalidai kwa ajili ya yule msichana wa marathoni. Ana akili ya hesabu kuliko wote darasani, na anaamini kompyuta ni ya watu wa mbali.

Naombeni na majina mengine ya kuwapelekea. Wanawake, wa ukanda huu, waliojenga kitu.

#36 Tabasamu

Tanzania: Faraja Nyalandu wa Shule Direct, masomo ya mtaala kwenye mtandao na simu. Carolyne Ekyarisiima wa Apps and Girls, anawafundisha wasichana kuandika programu.

#37 Injinia Zuhura (Mombasa)

Judith Owigar na Linda Kamau, wote AkiraChix. Kwa Uganda kuna Barbara Birungi wa Women in Technology Uganda. Nje kidogo ya ukanda, Rebecca Enonchong wa Kameruni, mwanzilishi wa AppsTech.

#38 Kiraka

Mwalimu, usiwape majina tu wakaririshe. Waachie programu yenyewe waikoroge.

#39 Mwalimu wa Kapsoya

@Kiraka nimelifikiria. Maabara yetu ina kompyuta chache na intaneti ya kusuasua. Nataka waweke ramani ya mabomba ya maji ya mtaa: yanayotoa, yaliyokauka, yaliyovunjwa. @Msimbo Wazi, Ushahidi itahitaji seva kubwa?

#40 Msimbo Wazi

Mwalimu, seva usihangaike nayo mwanzoni. Wana toleo lao linalokaa mtandaoni, unafungua akaunti na kuanza. Baadaye wanafunzi wakishanogewa ndipo muweke yenu, itahitaji PHP na MySQL, programu za bure za kuendeshea tovuti na kuhifadhi data, na kompyuta moja ya kawaida inatosha kwa darasa.

Kitu cha kuamua kabla ni fomu. Weka aina tatu hizohizo ulizotaja, usiongeze. Ukiweka kumi, kila mtoto atachagua yake na ramani haitasomeka. Halafu mmoja wao awe mhakiki, asiyekwenda kuangalia mabomba kabisa, kazi yake kuuliza tu "nani mwingine ameliona?"

#41 Dawati la Ramani

Na waandike alama ya jirani kwenye kila bomba: duka, kanisa, mti. Msije mkaanza kutafuta "bomba la Umoja".

#42 Mwalimu wa Kapsoya

Uhakiki nitampa yule wa marathoni. Dawati, nitakuomba uje uwaonyeshe siku moja, nauli ya kutoka Nairobi nitaitafuta.

#43 Dawati la Ramani

Niandikie faraghani siku ya kipindi chenu.

#44 Mtaa wa Saba (Dar)

Hongereni. Ila bado hakuna aliyenijibu #32.